Sauti za Fridolin

Sehemu ya sita

Niliishia pale kinanda kilipoanza kuandika maneno ya Kiingereza kwenye kioo chake kila nikikiwasha, na mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba.

Kwa wewe ambaye hukuwa nasi wiki zilizopita, mimi ni Justa, mkazi wa Lumemo, hapa Ifakara. Mume wangu Fridolin alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Vijana wa Lumemo. Pasaka ya mwaka huu wa tisini na sita alianguka jukwaani, wimbo ukiwa katikati. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakamtoka. Tangu hapo analala chumba cha mbele. Anasikia, anaelewa, hawezi kujibu.

Bendi ilitafuta mpigaji mwingine ikakosa. Nikakaa mimi kwenye nafasi yake, maana nilikuwa nimejifunza nyumbani kwa kumtazama.

Nikieleze kidogo kinanda chenyewe, kwa sababu balaa la wiki hii limetoka humo.

Kilikuwa cha Mzungu mmoja aliyekuja hapa kutafiti mbu. Alipomaliza kazi alimwachia Fridolin, akamwambia wazi kwamba hata kwao kilikuwa kinanda cha bei ya chini, na kwamba kimeshapitwa na wakati. Vitufe vyake ni vidogo kama meno ya mtoto. Fridolin ana mikono ya kulima mpunga, akibonyeza kimoja anakanyaga viwili. Mimi vidole vyangu vinaenea.

Ukibonyeza kwa hasira, ukibonyeza kwa upole, sauti ni ile ile. Hakijui kama unapiga harusini au msibani. Spika hakina, bila amplifaya ni bubu. Na fidla zake usiombe uzisikie. Zinalia kama wale mbu wa yule Mzungu.

Lakini kina mambo yake. Kinakwenda kwa betri sita za redio, na kwa bendi inayopiga vijijini kusiko na umeme, hiyo peke yake ni neema. Ni chepesi, unakivaa kwa mkanda kama gitaa. Kengele zake ukifumba macho uko kanisani. Besi lake linatikisa bati za paa.

Fridolin aliniambia kwamba humo ndani hamna sauti ya chombo chochote iliyohifadhiwa. Kuna mawimbi manne tu. Wimbi moja linalitikisa jingine, na katika kutikisana huko inazaliwa sauti ambayo haikuwepo. Ukisogeza namba moja kidogo, kengele inageuka sufuria iliyoanguka. Alikuwa anaweza kumaliza wiki nzima juu ya sauti moja, amekunja uso mbele ya kioo chenye upana wa vidole viwili.

Hizo sauti zake aliziweka ndani ya kinanda, mbali na zile za kiwandani. Watu wakija dansini walikuja kwa sababu ya hizo. Na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa filimbi.

Filimbi hiyo ndiyo iliyomleta Mzee Mabula.

Mzee Mabula ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi, amehamia ng'ambo ya mto na wanawe. Alikuja kwa shemeji yangu Ponsiano, kaka yake Fridolin na kiongozi wa bendi.

"Jumamosi namwoza binti yangu Minza," akasema. "Njooni na ile filimbi. Baba yangu alikuwa anachunga na filimbi inayolia vile vile. Nataka nimsikie siku hiyo. Mkiwa hamna, msije, nitatafuta ngoma."

Malipo yake ni ng'ombe jike na ndama wake. Ponsiano akatamka mbele ya wenzake kwamba ng'ombe huyo ataingia kwangu, ili mgonjwa na wanangu wawili wapate maziwa.

Nililala nikiwa na tumaini kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Asubuhi yake kinanda kikaanza kuandika.

Nilitambua neno moja tu, betri. Tukabadilisha zote sita. Kikaandika tena. Ponsiano akasema, "Shemeji, tusije tukaaibika kule. Nakipeleka kwa fundi."

Nikabaki nikimtazama akikifunga nyuma ya baiskeli.

*

Ponsiano alirudi mchana anatabasamu, na fundi Joshua yuko nyuma yake kwa baiskeli yake, amekuja mwenyewe kuonyesha kazi.

"Mama, tatizo lilikuwa dogo," fundi akasema. "Humu ndani kuna betri nyingine, ya duara, kama shilingi. Imechomelewa kabisa. Imezeeka. Nimeitoa, nimechomelea nyingine. Washa."

Nikawasha. Kioo hakikuandika lile neno. Fridolin alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, anatusikiliza.

Nikabonyeza mahali ilipokuwa filimbi.

Kilichotoka kilikuwa kama mlango wa geti wenye kutu. Nikabonyeza nyingine. Mlio kama wa inzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nyingine, kimya. Nikarudi kwenye sauti za kiwandani, zote zipo, nzima, zile ambazo kila mwenye kinanda kama hiki duniani anazo. Za Fridolin hazipo.

"Fundi," nikasema, "umetoa nini humu?"

"Sijatoa kitu mama. Nimetoa betri mbovu, nimeweka nzima."

"Kulikuwa na sauti."

"Sauti zipo. Si inalia?"

Alikuwa anasema kweli. Kwake kinanda kinacholia ni kinanda kizima. Hakuna aliyewahi kumwambia, wala mimi sikujua, kwamba betri ile ya duara ndiyo iliyokuwa inashikilia kumbukumbu hata kinanda kikizimwa. Alipoitoa ili aweke nyingine, kinanda kikasahau.

Nilisikia kitanda kikilia. Fridolin alikuwa amegeuzia uso ukutani.

*

Mimi ndiye niliyekumbuka kanda.

Fridolin aliwahi kuunganisha kinanda na redio kwa waya mwembamba, akazirekodi sauti zake kwenye kanda ya kawaida ya kaseti. Lakini kanda hiyo ukiipiga husikii muziki. Unasikia mlio mmoja mkali, kama msumari unaokwaruza bati, mwanzo hadi mwisho. Ni namba zile zile zimegeuzwa kelele. Ukiirudisha kwa waya, kinanda kinaisoma kelele hiyo na kukumbuka kila kitu.

"Iko kwenye kopo la biskuti," nikamwambia Ponsiano.

Kopo lilikuwepo. Kanda haikuwepo.

Mama mkwe wangu, Mama Marsiana, alikuwa uani anapepeta mchele. Yeye ndiye anayemwogesha mwanawe nikiwa mazoezini. Bila yeye ningeshakufa mimi kabla ya mgonjwa.

"Mama, kulikuwa na kanda humu."

"Ile ya makelele?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Mkwe wangu, mimi nilijua imeharibika. Niliipiga ikanipasua masikio." Akaweka ungo chini. "Nikarekodia kwaya Jumapili. Fridolin si anaipenda kwaya. Nikasema nikimpigia alale vizuri."

Tukaiweka kwenye redio. Kwaya ya parokia ikaimba vizuri sana. Tulisikiliza upande wote. Mwishoni, kwaya ilipomaliza na padri akakohoa, ulisikika mlio wa msumari juu ya bati, mdogo, wa kupumua mara moja. Halafu kanda ikaisha.

Tuliunganisha waya hivyo hivyo. Nilipunguza sauti, nikaongeza, maana kinanda hiki kina ubishi, redio ikipiga chini hakisikii na ikipiga juu kinakataa. Kila mara kioo kiliandika neno moja fupi, na hata mimi nilielewa maana yake ni kosa.

Mama Marsiana alijua sasa. Alikaa kwenye kizingiti, akajifunika kanga usoni.

"Nimemwua mwanangu mara ya pili," akasema.

"Hapana mama."

Nilitaka kumpata wa kumlaumu. Ningelala vizuri. Lakini fundi alitengeneza kilichoharibika. Ponsiano alikimbilia kutuokoa na aibu. Mama alitaka mtoto wake asikie nyimbo. Kila mtu alifanya jambo jema, na kila jema lilichukua kipande, mpaka hakikubaki kitu.

Nikakibeba kinanda, nikakiweka juu ya mapaja ya Fridolin.

"Jaribu," nikamwambia. "Mkono wa kushoto unao. Nionyeshe namba ya kwanza tu, mimi nitafuata."

Alikitazama muda mrefu. Kidole cha kushoto kikagusa kibonyezo kimoja, kikarudi. Kikagusa kingine. Kwenye kioo namba zilikimbia, akaziangalia kama mtu anayeangalia maandishi ya Kichina. Namba zilikuwa zimemtoka pamoja na maneno. Akakisukuma kinanda, kikateleza, Ponsiano akakidaka.

Ndipo akafungua mdomo.

"Ma," akasema.

Miezi mitatu hatujamsikia. Mama Marsiana aliinuka kizingitini kama msichana. "Nipo mwanangu. Mama nipo hapa."

Akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Ma... li."

"Mali," Ponsiano akasema. "Mdogo wangu, hakuna anayeuza mali yako. Kinanda ni chako, hatukiuzi."

Akatikisa kichwa tena, kwa hasira sasa. Akapiga godoro kwa mkono wake mzima. Akakusanya mdomo, akausukuma, mate yakamtoka, nikamfuta.

"Nyi," akasema.

Mimi ndiye niliyeunganisha. "Malinyi?"

Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Machozi yalishuka hadi masikioni. Nikamshika mkono nikamwambia umefanya vizuri, mume wangu, umefanya vizuri sana. Hakunitazama.

Nikageuka kwa Ponsiano. Naye hakunitazama.

"Kuna nini Malinyi, shemeji?"

"Tulipigaga muziki kule, mwaka juzi na mwaka jana. Kuna mtu aliachiwa kanda ya akiba." Alikuwa anakunja waya, anakunjua. "Kesho nitapata lori la mpunga. Nitakwenda mwenyewe."

"Mtu gani?"

"Mwenye hoteli tuliyokuwa tunafikia."

"Basi twende wote. Wewe mlio wa kanda hiyo umeusikia kwa pumzi moja tu, mimi naujua."

"Barabara mbaya, shemeji. Na mgonjwa je?"

"Mama yupo. Tunakwenda wote."

Hakubisha zaidi. Laiti angebisha.

*

Jumatano asubuhi tulivuka mto kwa kivuko, tukapita Lupiro, tukapita Mtimbira. Lori lilikuwa tupu, likaturusha juu kama mahindi kwenye ungo. Ponsiano ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakusema kitu. Nilidhani anawaza harusi ya Mzee Mabula.

Hoteli ilikuwa banda la mabati karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Harufu ya perege wa kukaanga ilitupokea tangu mbali. Mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya meza anafuta sahani, wa umri wangu au chini kidogo. Alipomwona Ponsiano uso ukafunguka.

"Shikamoo shemeji," akasema.

"Marahaba, Sikitu."

Nikajisemea moyoni, Justa, hilo ni neno la hotelini. Wauza chakula wanamwita kila mtu shemeji.

"Mmetupotea jamani. Mwenzio yuko wapi? Huku walisema amepata bendi Dar es Salaam, nikasema hata kuaga?" Akanigeukia. "Karibu dada. Na wewe uko na hawa?"

Ponsiano alikuwa anaangalia sufuria.

"Napiga kinanda kwenye bendi," nikasema. Ulimi ulijibu kabla sijaamua.

Sikitu akacheka. "Mwanamke, na Fridolin amekubali kukuachia kinanda chake? Basi huko Dar amepata kikubwa kweli."

Mtoto akatokea chini ya meza. Wa kike, ndiyo kwanza anaanza kutembea, ameshika kijiko cha mbao. Akaja moja kwa moja kwangu, akashika magoti yangu, akanitazama. Nilimwona kabla sijataka kumwona. Lile paji la uso ninaloliosha kila siku kwa wanangu wawili.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Marsiana," Sikitu akasema. "Jina la bibi yake, Ifakara."

Ndilo jina la mama mkwe wangu, naye ameomba wajina tangu nilipoolewa. Mimi nimezaa wavulana.

Nikakaa kwenye benchi. Sikitu alifikiri ni uchovu wa safari, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akasimama mpaka nikamaliza. Nasema haya ili mjue. Alikuwa mtu mwema. Nilitafuta kwake kitu cha kuchukia na sikukipata, na hilo lilinivunja kuliko kila kitu.

Ponsiano alikohoa. "Sikitu, tumefuata ile kanda ya Fridolin. Tuna harusi Jumamosi."

"Ipo." Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye kipande cha kanga. Akaipigapiga kwenye kiganja. "Sauti zake zote zimo. Ile filimbi aliitengeneza kwenye meza ile pale, dada, anahangaika na namba mpaka chai inapoa. Siku nyingine akajaribu kukifanya kiimbe kama mtu. Kama mimi ninavyoimba nikisonga ugali. Kikashindwa kabisa, kikalia kama paka. Akasema hiki kinanda kinaweza kila kitu, koo la binadamu hakiliwezi."

Maneno hayo nilikuwa nayo mimi. Aliniambia nyumbani, jioni moja, amekasirika, na mimi nikamfariji. Kumbe alikuwa ametoka kutafuta koo la nani.

"Naomba tuione," nikasema, nikanyoosha mkono.

Akaivuta kwake, kwa upole. "Samahani dada. Aliniambia nisimpe mtu, hata ndugu yake. Aje mwenyewe."

"Hawezi kuja," Ponsiano akasema.

"Kwa nini hawezi?"

Ponsiano akanitazama, kama vile mimi ndiye niliyepaswa kumjibu. Nikatazama sakafu. Basi akamweleza yote, jukwaa, kiharusi, mkono, ulimi. Sikitu hakulia. Alirudia kuifuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Tangu Pasaka," akasema.

"Tangu Pasaka."

"Na hukuniletea hata salamu, shemeji."

"Ningekuambiaje, Sikitu."

Akainua sufuria jikoni, akamwaga maji kwenye moto. Mvuke ukajaa bandani.

"Kanda nitaipeleka mwenyewe," akasema. "Nimwone kwa macho yangu. Lori lenu linaondoka lini?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, ndugu msomaji, na naiona mpaka leo. Neno moja lingetosha. Ningesema mimi ni nani, Sikitu angebaki Malinyi na kanda yake, na Jumamosi Mzee Mabula angetafuta ngoma, na wanangu wangeendelea kunywa uji wa chumvi. Nisiposema, ataingia kwangu na mtoto mgongoni, akae kwenye kitanda cha mume wangu.

"Linapakia mpunga," nikasema. "Linaondoka kesho asubuhi."

Nililala chumbani kwake, maana ndiko alikonikaribisha. Msumarini palikuwa na shati la Fridolin ambalo aliniambia limeibwa kwenye kamba. Usiku ule siwezi kuusimulia.

*

Njiani tulikaa juu ya magunia ya mpunga. Ponsiano alikaa mbali. Tangu Malinyi alikuwa haniiti shemeji tena, ananiita wewe.

Tulipopita Mtimbira Sikitu akaanza kulia, kilio cha chini chini cha mtu asiyetaka kuwasumbua wenzake. Kichwa kikaja begani kwangu. Nilitaka kusogea. Mkono wangu ukamzunguka wenyewe.

"Anakula?" akaniuliza.

"Anakula uji. Analishwa."

"Nani anamlisha?"

"Mkewe."

"Mungu ambariki," akasema.

Baadaye akanipa mtoto ili afunge kanga vizuri, na mtoto akalala mapajani mwangu, hakuamka njia nzima.

Nikamwuliza jambo ambalo sikuwa na ujasiri wa kuuliza na sikuwa na ujasiri wa kuacha. "Huyo mkewe anajua kwamba upo?"

"Anajua. Fridolin aliniambia tangu mwanzo. Alisema mkewe amekubali, ila hataki kuniona kwa macho. Nikasema hilo naliheshimu. Ndiyo maana sijawahi kukanyaga Ifakara."

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimekubali. Nilikubali nikiwa nyumbani nafua mashati.

Nilimfikiria Fridolin anavyopiga godoro kwa mkono mmoja, anavyolisukuma lile jina kwa mate na jasho. Alijua nikifika Malinyi nitakuta nini. Akalisema. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananipa ng'ombe au ananiomba msamaha, na kwa hali yake hakuna siku nitakayomwuliza akajibu.

Alasiri tulifika mtoni. Kivuko kilikuwa upande wetu, lori likaingia, na watu wenye baiskeli na kuku wakajipanga pembeni. Ponsiano akashuka, akaenda mbele kabisa, akasimama peke yake. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakwenda na vipande vya majani.

Katikati ya mto Sikitu akajifuta uso.

"Dada, wewe uko nao karibu," akasema. "Huyo mkewe ni mtu wa namna gani? Nikiingia na mtoto atanifukuza?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli, kama mtu anayepekua kopo tupu.

"Sijui," nikamwambia.

Ukingo wa Ifakara ulikuwa unakaribia. Kwenye umati uliokuwa unasubiri kuvuka nilimwona Viktor, mpiga ngoma wetu, ameshika baiskeli. Naye aliniona. Akaweka mikono mdomoni.

"Shemeji Justa," akaita juu ya maji, "uwahi nyumbani. Mumeo tangu jana hali kitu, anakutafuta tu mlangoni kwa macho."

Watu kivukoni waligeuka kuona anaitwa nani.

Kichwa cha Sikitu kilitoka begani kwangu polepole. Alimchukua mwanawe kutoka mapajani mwangu, akamweka upande wake. Kisha akaingiza mkono kifuani, akakitoa kile kipande cha kanga, akakifungua, akasogea juu ya magunia mpaka ukingoni mwa lori, upande wa maji. Mkono wenye kanda akaunyoosha nje.

"Mumeo nani?" akaniuliza.